Mikeka Iliyobeba Jina Langu

Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani. Naishukuru, ingawa ni zawadi ya ajabu kumpa mtu ambaye kuanzia asubuhi inayofuata hana tena mahali pa kuchelewa. Baada ya soda na hotuba, vijana wa ofisini walinizunguka, wakaniomba niwaandikie machache kuhusu kazi yetu hii ya kuwasaidia watu wa mashambani wajiajiri kwa kazi za mikono na miradi midogo. Mmoja wao, mwenye shahada ndefu kuliko yangu, alitaka hasa mbinu zilizofanikiwa. Nimezitafuta. Nimeipata moja, na hiyo hatukuibuni sisi. Kwa hiyo nitawaeleza miaka ile ya kwanza tu, ya sitini na kitu, pale Mji wa Kale, Mombasa. Vyeo vilivyofuata mnaweza kuvisoma katika faili langu, ikiwa mna shida ya usingizi.

Nilirudi kutoka chuo kikuu Kampala muda si mrefu baada ya Uhuru, nikiwa na shahada, tai mbili, na mawazo mengi kuhusu mkulima mdogo, mtu ambaye sikuwa nimewahi kukutana naye. Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale. Shamba pekee nililolijua lilikuwa mnazi mmoja uani kwa shangazi yangu, nao haukuzaa. Serikali ikaona nafaa.

Ofisi ya maendeleo ya mashambani iliwekwa kisiwani, mahali pasipo na shamba, kwa sababu huko ndiko kulikopatikana chumba cha bure. Kilikuwa chini ya nyumba kongwe ya ghorofa, hatua chache kutoka Ngomeni, na zamani kilikuwa ghala la papa mkavu. Papa walikuwa wamehama ila harufu yao haikuhama. Niliambiwa baadaye kwamba barua zetu zilipofika Nairobi zilitambuliwa kabla hazijafunguliwa.

Aliyenipokea siku ya kwanza alikuwa mtunza ghala, Mzee Kilonzo, Mkamba mrefu kama mlingoti, mzee wa kanisa, aliyefanya kazi bandarini miaka mingi kabla ya kuja kwetu. Alinionyesha vyombo vya kazi kimoja kimoja: mizani, mihuri, shazia, ile sindano nene ya kushonea mikeka, na birika.

"Hii ndiyo inayofanya kazi," alisema, akigusa birika. "Vingine vyote hungoja hii."

Alikuwa na kanuni moja tu aliyoniachia, nami nawaachia nyinyi: faili lisifunguliwe kabla ya chai, kwa sababu mambo mengi yaliyomo humalizika yenyewe chai ikiwa bado jikoni. Nimeitumia kanuni hiyo maisha yangu yote ya kazi, na walionipandisha vyeo waliiita busara.

Kazi yetu kubwa ilikuwa mikeka. Wanawake wa vijiji vya ng'ambo ya Likoni walisuka ukili, ule utepe mrefu wa majani ya mkindu, mweupe au wenye rangi, wakiusuka huku wakipika, wakitembea na wakigombana. Waliuleta ofisini umeviringwa kama gurudumu. Sisi tuliununua kwa pima, na pima, kama mjuavyo, ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Swali ni mikono ya nani. Kabla sijafika alipima Mzee Kilonzo, na mikono yake ilikuwa inaishia Mazeras, huko bara. Wanawake walinung'unika kwa muda mrefu. Siku niliyofika mimi, ambaye sikujaliwa urefu, Mwanatumu wa Mtongwe, aliyekuwa kiongozi wao kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwambia si kiongozi, alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni kisha akawageukia wenzake.

"Huyu ndiye," alisema. "Huyu apime yeye."

Tangu siku hiyo nilikuwa mpimaji rasmi. Shahada yangu haikuwahi kumsaidia mtu yeyote kama ufupi wangu ulivyowasaidia wanawake wale.

Miradi mingine niipite haraka, kama nilivyoipita wakati ule. Tulijaribu nyuki, wakahamia msikitini. Tukagawa majogoo weupe wa kizungu, ili kuku wa vijijini watage zaidi na mayai yauzwe kwenye meli za Kilindini. Katika miezi michache majogoo weupe walikuwa wakitafutwa kila kijiji, na niliandika kwa fahari kwamba wananchi wameupokea ufugaji wa kisasa. Mwanatumu ndiye aliyenieleza, akifuta machozi ya kicheko, kwamba waganga wa upande ule wote hutaka kuku mweupe asiye na doa, na kumpata ilikuwa kazi ngumu mpaka serikali ilipoingilia kati. Taarifa yangu ilikwisha kwenda. Ilisifiwa.

Turudi kwenye mikeka. Ukili ni ukili tu mpaka ushonwe, na kushona kwenyewe kulifanyika Mji wa Kale, ndani ya nyumba, na wanawake ambao msingewaona mkipita mchana kutwa vichochoroni. Mwanatumu, kwa kuwa mwanamke na kwa kuwa hakuogopa ngazi za mtu, aliingia na ukili na kutoka na mikeka. Mimi nilibaki nje. Fundi bora wa wote alikuwa jirani yetu wa Kibokoni, Bi Zuena, aliyenijua tangu nikitembea bila suruali. Mkeka wake ungeuviringa na kuukunjua mwaka mzima usione uzi umelegea.

Mumewe aliitwa Karani Abeid. Alikuwa karani wa kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, mwenye mwandiko ambao watu walikuwa wakiuonyeshana. Uhuru ulipokaribia wenye kampuni walifunga vitabu, wakapanda meli, wakaenda zao. Karani Abeid hakumwambia mtu. Kila asubuhi alivaa kanzu na koti, akachukua mwavuli na mkoba, akaaga nyumbani na kwenda Kilindini. Hakufika. Alikwenda Feri, kwenye kivuko cha Likoni, akakaa kwenye ukuta mfupi upande wa kivuli, akatazama watu wakivuka mpaka saa za makarani kutoka, kisha akarudi akilalamikia wingi wa kazi. Nyumba ilikula mikeka ya Bi Zuena, naye Bi Zuena alimpokea mkoba na kumpa pole. Mtaa mzima ulijua. Mtaa mzima ulimwuliza habari za Kilindini.

Mimi nilivuka Feri karibu kila siku na Landrova ya ofisi, na foleni ya magari ilikuwa mbele ya ukuta ule ule. Nilijifunza kutomwona. Naye alijifunza kutoniona. Si jambo dogo, watu wawili waliosali pamoja alfajiri kukaa karibu hivyo, mmoja akitazama usukani na mwingine akitazama maji, na jioni kuamkiana barazani kana kwamba siku nzima hawakukutana.

Basi akaja mtaalamu kutoka ng'ambo. Alikuwa mtu mwema, mwekundu shingoni, na alikuja kutufundisha masoko. Alikaa nasi siku chache, akakataa chai ya Mzee Kilonzo, jambo ambalo lilipaswa kunitahadharisha, na akatuambia kwamba mnunuzi wa leo hanunui mkeka, hununua mtu aliyeufanya. Anataka kumjua. Kila mkeka uwe na kadi, na kwenye kadi jina la fundi na mtaa wake. Hoteli moja kubwa ya pwani ilikuwa tayari kununua mikeka yetu yote ya mwaka, sharti kadi ziwepo.

Wazo hili lilinifurahisha kupita kiasi. Kampala nilikuwa nimeandika insha ndefu juu ya heshima ya mfanyakazi asiyejulikana, na hapa nilipata nafasi ya kumjulisha. Niliketi na daftari la ghala, nikatoa majina, nikayapeleka kwa mchapishaji. Kadi zilirudi nzuri sana, zenye mnazi pembeni. "Mkeka huu umeshonwa kwa mkono na Zuena binti Fakihi, Kibokoni, Mombasa." Mzee Kilonzo alizifunga ghalani, mikeka ikiwa imekwisha kutoka majumbani, kwa hiyo mafundi wenyewe hawakuziona.

Aliyeiona ya kwake ni Mwanatumu, maana msukaji wa ukili naye tulimtengenezea. Hakujua kusoma. Aliniomba nimsomee, kisha nimsomee tena, kisha akaifunga kwenye pindo la leso yake.

"Jina hili nililipewa na baba bure," alisema. "Sikujua kama lauzika."

Vijana mnaosoma haya na ambao hamkulelewa kwetu, nawaeleza. Kwetu mwanamume hamtaji mkewe mbele za watu. Husema watu wa nyumbani, au mama fulani. Mwanamke wa heshima hushona, hupika na kufuma, na kazi yake hutoka mlangoni haina jina, ikapita mikono miwili mitatu, na anayenunua ana adabu ya kutouliza. Hivyo kila mtu hula na hakuna aliyelishwa. Mimi nililijua hili kama nilijuavyo jina langu. Mamangu mwenyewe sikuwahi kumsikia babangu akimwita. Lakini nilikuwa nimetoka kusoma, na kusoma kunachukua nafasi.

Kadi moja ilikuwa kwenye mkeka ulionunuliwa pale ofisini, kabla mzigo wa hoteli haujaondoka, na karani kijana wa Kilindini, aliyefundishwa kazi na Karani Abeid zamani. Jioni aliupitisha kwa muuza kahawa, akaukunjua kuuonyesha, akaisoma kadi kwa sauti. Hakuwa na nia mbaya. Alifika mpaka "binti Fakihi" ndipo akaona wenzake wanatazama vikombe vyao, na Karani Abeid amesimama nyuma yake na mwavuli.

Asubuhi Karani Abeid alikuja ofisini. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona kwetu. Siku zote aliniita mwanangu nami nikamwita ami.

"Sabalkheri, Bwana Nasoro," alisema.

Nilisimama. Aliamkia kikamilifu, akauliza hali ya mamangu, shangazi zangu na afya ya Mzee Kilonzo, ambaye alikuwa ametoweka nyuma ya mikeka. Kisha akatoa kadi mkobani, akaiweka mezani, maandishi chini.

"Hii yaonekana ni mali ya ofisi. Nimeirejesha."

"Ahsante, ami."

"Mimi nafanya kazi Kilindini. Watu wangu wa nyumbani hawana kazi yoyote."

"Naam, ami."

"Ikiwa yuko mtu wa jina hilo ambaye yuwashona mikeka, si kwangu."

"Si kwako, ami."

"Basi ukimwona mtu huyo, mwambie ameacha." Akachukua mwavuli. Mlangoni akageuka. "Kadi imechapwa vizuri," alisema. "Ila herufi zimesongamana."

Na kweli aliacha. Kesho yake Mwanatumu alipanda ngazi za Bi Zuena na ukili, akashuka nao. Akaenda nyumba ya pili, akashuka nao. Habari ilikuwa imetembea juu ya mapaa, toka ua hadi ua, na kila fundi alikuwa na mume, au kaka, au mkwe ambaye angeweza kupita kwa muuza kahawa. Ghalani ukili ulirundikana mpaka Mzee Kilonzo akakosa pa kuweka birika. Wanawake wa Mtongwe walikuwa na kuku na mihogo, wangengoja. Bi Zuena hakuwa na la kungojea.

"Jiko lile limelala," Mwanatumu aliniambia. "Bi Zuena ampikia mzee uji, naye mzee amwambia uji ndio mzuri kwa mtu mwenye kazi nyingi. Wewe umechukua jina la mwanamke ukalifunga kwa uzi kama bei ya mbuzi. Haya, lifungue sasa."

Niliondoa kadi zote siku ile ile na kumpelekea Bi Zuena habari kwamba tutauza bila majina. Hoteli ikasema bila majina haitaki. Nikaandikia mtaalamu, naye akajibu kutoka nchi nyingine kwa barua ya moyo mkunjufu, akishauri tuweke na picha za mafundi.

Nilikwenda mwenyewe. Nilichagua saa ambazo Karani Abeid alikuwa kazini kwake, yaani ukutani, nikabisha, nikasimama kwenye ukumbi wa mlango. Bi Zuena alikaa upande wa pili wa pazia. Niliona vidole vya miguu tu, na shazia imechomekwa kwenye mwimo wa mlango wa ndani, haina uzi.

"Nasoro mwanangu," alisema, "huko Kampala wanawake wana majina?"

"Wanayo, mama."

"Na waume zao hulala wapi?"

"Nyumbani, mama."

"Wana bahati."

Kisha akaniambia yote kwa sauti ya chini, bila lawama, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Mumewe hakumfokea. Ingekuwa nafuu. Aliuliza tu kama dadake wa Malindi bado ana chumba cha nje. Bi Zuena alijua maana yake: mkeka mmoja zaidi wenye jina lake, na mzee angekwenda Malindi kutembea, asirudi, kwa kuwa hangeweza kupita tena mbele ya kahawa. Na bila mikeka wangeuza vyombo, kisha dari, kisha nyumba. Yeye alimtaka mume, alimtaka pia sufuria motoni, na hakuona kwa nini mambo mawili madogo kama hayo yashindikane.

"Mikono yangu yauma kwa kukaa bure," alisema. "Hao wateja wenu, lazima wapewe jina?"

"Lazima, mama. Wanalilipia."

"Jina lolote?"

"La fundi."

"Basi weka lako."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Weka lako," alisema tena. "Wewe ushasoma, jina lako halina tena la kuharibika."

"Lakini mama, mimi sijui kushona."

"Na uofisa wajua?"

Nyuma ya pazia palikuwa na watu zaidi ya mmoja, maana kicheko kilichotoka hakikuwa cha mtu mmoja.

Nililipeleka wazo kwa Mzee Kilonzo, naye akaweka birika motoni, jambo ambalo kwake lilikuwa ndiyo. Shida ikawa mchapishaji: fungu la kuchapisha tulikuwa tumelimaliza kwa kadi za mnazi. Kadi mpya ingebidi ziandikwe kwa mkono, na mwandiko wangu ni ule wa mtu aliyekwenda chuo kikuu. Nilifikiri siku mbili, kisha nikapanda Landrova, nikaenda Feri, na badala ya kukaa foleni nilishuka nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye ule ukuta mfupi. Katika kazi yangu yote sikuwahi kutembea umbali mrefu kama ule.

"Salaam aleikum, ami. Nakukuta safarini."

Aliitika, akiyatazama maji. "Namngoja mtu," alisema.

"Nilikuwa nakwenda Kilindini kukutafuta," nikasema. "Ofisi yetu inahitaji mtu wa mwandiko. Naona haya kukuomba, kwa vile wewe una kazi yako. Lakini nilifikiri labda wakubwa wako wangekubali kutuazima."

Feri ilifika gatini, ikamwaga watu, ikabeba wengine.

"Ni kuandika nini?"

"Kadi za mikeka."

Mwavuli wake ulijichomeka ardhini. "Jina gani?"

"Langu, ami. Mikeka yote ni yangu."

Alinigeukia, akanitazama mara ya kwanza tangu siku ya kadi, akaishia kwenye mikono yangu mifupi ambayo haijawahi kushika shazia.

"Nasoro Bwanadi," alisema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. "Si jina zuri la kuandika. Halina mkia wa kuchezea. Nitawauliza wakubwa."

Asubuhi iliyofuata alikuwa mlangoni petu na kanzu, koti, mwavuli na mkoba. "Wamekubali, mwanangu," alisema, na hilo neno la mwisho lilinitosha.

Fungu la mshahara wake serikali haikuwa nalo. Tulimlipa kutokana na mauzo ya mikeka. Yaani Karani Abeid alikuwa akilipwa na, lakini sentensi hii sitaimaliza. Mji wa Kale mzima haukuimaliza.

Mikeka ikaanza kutoka, na kadi zikaandikwa kwa mwandiko ambao mtu angeweza kuuning'iniza ukutani na kuutupa mkeka. Jina langu, nililokuwa nikiliona la kawaida, lilipanda na kushuka kama hariri. Herufi zilipata mikia, sijui aliitoa wapi. Mwanatumu peke yake alikataa. Yeye alitaka lake.

"Walioweza kunikataza wote nishaachana nao," alisema. "Karani, niandikie Mwanatumu, tena kubwa."

Karani Abeid akamwandikia, kwa wino mwekundu. Mikeka aliyoisuka na kuishona mwenyewe Mtongwe ilikwenda na jina lake, nayo, sipendi kulisema hili, hotelini ilipendwa kuliko yangu.

Kisha kukazuka mazungumzo, ambayo nitayakumbuka nikiwa nimeisahau ile saa ya ukutani. Karani Abeid, akikagua mkeka kabla ya kuufunga kadi, aliniita.

"Mwanangu, mwambie fundi wako pindo hili limekaza upande mmoja."

Fundi nilikuwa mimi, kwa mujibu wa kadi iliyokuwa mkononi mwake. Nilimpa Mwanatumu ujumbe, akaupandisha ngazi, akarudi na jibu.

"Fundi asema, mwambie karani wenu, aliyezoea kukaza mkoba mtupu asifundishe watu kukaza uzi."

Nililifikisha bila ile habari ya mkoba. Aliisikia hivyo hivyo.

"Fundi huyu ana ulimi," alisema.

"Anao, ami."

"Mtu wa wapi?"

"Sijui, ami."

"Ala," alisema, akachovya kalamu.

Ikawa desturi. Karani aliuliza kwa nini fundi hutumia kijani sana. Fundi aliuliza kama karani ana macho ya bure. Fundi alituma mkate wa sinia kwa ajili ya ofisi, umefunikwa kawa; karani alikula, akafuta vidole, akasema fundi huyu hupika karibu kama watu wake wa nyumbani, ila wa nyumbani wanazidi kidogo. Nilipeleka na hilo. Nina hakika jioni walikula pamoja na hakuna aliyesema neno, naye alilalamikia wingi wa kazi, na safari hii ilikuwa kweli.

Kuhusu mimi, nilipata sifa. Mtaalamu alirudi, akaona jina moja kwenye mikeka mingi, akashangaa kuwa ofisa mwenye shahada ameamua kuonyesha mfano kwa mikono yake mwenyewe. Akataka picha ya gazeti lao. Nilikaa chini na shazia, Mzee Kilonzo akinishikia ukili na kuimba utenzi wa kanisani ili asicheke, na kabla kamera haijalia nilikuwa nimejitoboa kidole gumba. Picha ilitoka. Ninaonekana nikitazama mkeka kwa hisia nyingi.

Karani Abeid alifariki kabla muongo ule haujaisha, wiki chache baada ya mimi kuambiwa nitahamishiwa bara. Alifanya kazi mpaka Alhamisi, Ijumaa akaswali, Jumamosi tukamzika. Watu walikuja wengi kuliko mikeka. Ukumbi ulijaa, baraza ikajaa, na sauti ya Mwanatumu ikasikika ndani ikiagiza mikeka ya vyumbani itolewe, ikapitishwa kwetu wanaume chini ya pazia mmoja baada ya mwingine.

Niliokalia mimi ulikuwa mweupe wote, haukuwa na rangi hata uzi mmoja, na ulikuwa wa zamani kidogo, umelainika kwa kulaliwa. Wakati wa hitima, nikiinamisha kichwa, niliona pembe moja imepinduka, na kadi imeshonewa upande wa ndani. Niliujua mwandiko kabla sijasoma. Mikia ile. Nilitegemea kuona jina langu, kwa mazoea, nikaona "Zuena binti Fakihi". Halikuwa na mtaa, wala Mombasa, wala neno jingine lolote. Alikuwa ameliandika polepole kuliko alivyowahi kuliandika langu, na herufi hazikusongamana.

Aliyekaa kando yangu alikuwa yule karani kijana wa Kilindini. Naye aliiona kadi, akainama, akakunja macho, maana ukumbi ulikuwa na giza.

"Kumeandikwa nini hapo?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Nikaweka kiganja juu yake.

"Jina langu," nikamwambia. "Kama kawaida."